Malalamiko Kuhusu Kuokolewa kwa Nusu ya Barua ya Mke Wangu

Masjala, Chumba Namba Sita,
Ghorofa ya Pili.
Ijumaa, asubuhi.

Kwa Watengenezaji wa Programu ya Kuandikia.

Waheshimiwa Mabwana na Mabibi,

KUHUSU: PROGRAMU YENU KUOKOA NUSU YA BARUA NA KUACHA NUSU IZAME

Kwanza poleni na kazi. Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa ishirini na sita sasa. Barua zote zinazotoka katika ofisi hii zimepita mikononi mwangu: za kupandisha watu vyeo, za kuwapa pole, za kuwakumbusha warudishe funguo. Mkurugenzi husaini tu. Sijawahi kuilalamikia mashine yoyote. Hata lifti iliponishika saa mbili nzima kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, nilinyamaza. Lakini la juma hili limenishinda. Kesho saa nne asubuhi kuna kikao nyumbani kwa dada wa mke wangu, na hapo ndipo itakapoamuliwa kama mke wangu anarudi nyumbani au harudi. Kwa hiyo nawaomba mnisome kwa makini, na kwa haraka.

Chanzo ni hiki. Mke wangu aliniomba jambo moja tu. Alisema, "Unawaandikia barua watu hata huwajui. Mimi mkeo, mwaka wa ishirini na tatu huu, hata mstari mmoja?" Nikaona ana haki. Jumatatu baada ya chakula cha mchana nikafunga mlango, nikaanza. Niliiandika kama ninavyoandika taarifa zote za ofisi hii: kwanza Changamoto, halafu Mafanikio. Ndivyo tulivyofundishwa, ili msomaji amalize akiwa na moyo mkunjufu. Nikaandika Changamoto tisa: kwamba hucheka kabla sijafika mwisho wa kisa, kwamba huzima redio katikati ya taarifa ya habari, na kadhalika. Nikaingia Mafanikio, ambayo yalikuwa kumi na mawili. Dakika ya kumi na tisa umeme ukakatika.

Kesho yake mke wangu alikuja kuniletea miwani niliyoisahau. Nilikuwa mkutanoni. Bibi wa Mapokezi, ambaye ukarimu wake utatumaliza, akamketisha kwenye kiti changu na kumwashia mashine atazame picha za sherehe ya ofisi. Programu yenu ikafunguka bila kuitwa, ikatangaza pembeni kwamba imeniokolea hati. Bibi wa Mapokezi akaona "Kwa Mke Wangu Mpendwa", akafurahi, akaichapa, na kwa mazoea akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA. Mke wangu akasoma Changamoto zote tisa, akageuza karatasi upande wa pili, pakawa peupe. Jioni nilipofika nyumbani, nilikuta ameshahamia kwa dada yake.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi wetu wa kompyuta amenieleza kwamba ninachoandika hakiendi moja kwa moja kwenye diski. Hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, kama mpishi anayekusanya kiganjani vitunguu alivyokata kabla ya kuvimwaga chunguni. Kisha kila baada ya dakika kumi programu huchukua nakala na kuificha kwenye faili la muda, ili mashine ikizimika ghafla pawe na cha kuokoa. Nakala yangu ilichukuliwa dakika ya kumi kamili, nikiwa namalizia Changamoto ya tisa. Waheshimiwa, nyumba ikiungua mtu huokoa mtoto kwanza, hata kama jiko ndilo lililo karibu na mlango. Ninyi mmeokoa jiko.

2. Siku zote nilijua kwamba nisichohifadhi hakipo. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiwaandikia barua kali watu walioniudhi, kisha nazima mashine kwenye swichi ya ukutani bila kuhifadhi, na moyo unatulia. Kumbe! Fundi amezikuta arobaini na tatu, zimeokolewa zote, zikiwamo saba kwa Mkurugenzi na moja kwa lifti. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ninyi mmeyazoa, mkayatia kwenye ndoo, mkaiweka ndoo mlangoni.

3. Nilipotaka kuifuta barua ile, mashine ilikataa. Ilisema hati inatumiwa na mtu mwingine, na jina la mtu huyo lilikuwa langu. Fundi anasema ni kijifaili cha kufungia hati, hubaki nyuma umeme ukikatika. Mimi sikuridhika. Nataka kujua huyo mimi mwingine anayekaa humo ndani na barua yangu tangu Jumatatu anafanya nini. Kama ana nafasi yote hiyo, kwa nini asiyaandike upya Mafanikio?

4. Hatimaye ilipokubali kufuta, iliniuliza kama nina uhakika. Jumatatu nilipokuwa naandika Changamoto ya nne, inayomhusu mama mkwe, haikuniuliza chochote.

5. Jumatano nilikwenda kujieleza. Dada wa mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, habari za faili la muda na zote, kisha akasema, "Sawa shemeji. Hayo mazuri basi yataje kwa mdomo, sisi tunasikiliza." Hilo halikuwa ombi la haki. Mimi nikishaandika kitu hukitoa kichwani, ndiyo maana ya masjala. Hata hivyo nilijikaza nikataja mawili. La kwanza mke wangu alisema ni sifa ya mama yangu, si yake. La pili, kwamba ni mchapakazi na mtunza muda, alisema alikwishalisikia likisomwa kwenye sherehe ya kumuaga mhasibu. Watu wote wakatazama sakafu. Niliona aibu kubwa, waheshimiwa, na aibu ile ni mali yenu.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo:

(a) Programu ijifunze kuangalia vidole. Ikiona mtu anagonga vitufe kwa nguvu, ifumbe macho mpaka apoe. Funika kombe mwanaharamu apite. Hilo hata mtoto analijua, lakini mashine ya bei ile haijui.

(b) Mniandikie cheti chenye muhuri, kinachothibitisha kwamba Mafanikio kumi na mawili yaliandikwa, na kwamba yalipotelea mikononi mwenu.

(c) Mtume mwakilishi kwenye kikao cha kesho. Avae nguo za heshima, amwamkie dada wa mke wangu kabla ya kuketi, na akiri kosa kwa kumtazama mke wangu usoni. Asitumie maneno ya kompyuta. Jumatano niliyatumia mimi, nikaulizwa kama nimekula.

(d) Kikao kikienda vibaya, mhesabiwe kuwa ninyi ndio mliovunja nyumba hii, nanyi mje kuziba pengo. Kuna mtu anatakiwa kunionyesha chumvi inawekwa wapi. Kuna mtu anatakiwa kucheka kabla sijafika mwisho wa kisa, kwa sababu tangu Jumanne nimesimulia visa viwili peke yangu na havikuchekesha.

Nawatumainia. Salamu zangu ziwafikie nyote mnaoketi mbele ya mashine hizo, wake na waume zenu, watoto, mlinzi wa getini, na hasa yule mliyemwajiri kuandika "Je, una uhakika?". Mwambieni namheshimu, ila awahi.

Ni mimi, nusu niliyebaki,

Karani wa Masjala.

Nakala: Mkurugenzi (bila zile saba).
Mke wangu, kwa mkono wa dada yake.

Baada ya kusaini: Barua hii ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha Fundi alipokuja mbio, anashangilia. Amechimba mpaka chini kabisa, akapata faili jingine la muda, lisilongoja dakika kumi bali hufuata kila hatua, limeishia dakika ya kumi na nane, kwenye folda isiyoonekana. Kumbe hamkupoteza kitu. Tumelifungua pamoja. Changamoto ziko tisa. Chini yake kuna neno MAFANIKIO. Fundi anasema programu ilitunza na hatua zangu zote: nililiweka neno katikati, nikalikoza, nikalipigia mstari, nikauondoa mstari, nikalikuza, nikalitia rangi ya bluu. Dakika nane. Baada ya hapo kuna namba moja na nukta yake. Hakuna kingine. Fundi alikohoa, akasema ana kazi ghorofa ya chini. Nimekaa mbele ya namba hiyo tangu saa sita mchana, na sasa ni saa kumi na moja. Nayafuta malalamiko yote, na mwakilishi msimtume. Ila kama programu yenu ina mahali popote inapotunza yale ambayo mtu hakuyaandika, nawasihi mnijulishe kabla ya saa nne.