Kahawia: Nyumba Arobaini Hadi Themanini

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepata wazo. Wazo la ghorofa nane!

Kazini tunapaka upya ramani ya matumizi ya ardhi ya jiji zima. Njano ni mitaa ya nyumba chache, nne hadi kumi na tano kwa hekta. Chungwa ni wastani. Kahawia ndiyo yenyewe: arobaini hadi themanini. Miaka kumi na sita nawapakia wenzangu kahawia, nawaona wakipata wajenzi na kuhamia nyumba zenye lifti. Mtaa wetu njano tangu baba yuko hai. Na penseli anashika nani? Mimi.

Kiwanja chetu ni robo hekta. Robo ya themanini ni ishirini. Nyumba ishirini pale penye kibanda chetu! Mjenzi atatupa ile ya juu kabisa, yenye roshani. Kiti changu nimeshakichagulia upande.

Jioni dada kanikabidhi fomu ya kibali cha kukarabati ukuta wa chumba anachoshonea. Ufa umepanuka, mkono unapita. Anataka niipeleke kwenye dirisha la vibali ofisini kwetu kesho bila kukosa, maana mvua haziko mbali, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamshauri ahamishie cherehani ukumbini. Kasema ukumbini giza, na macho yake si ya juzi. Cherehani hiyo ndiyo iliyonilipia shule. Hunikumbusha hilo kila mwezi, mara moja tu, kwa upole. Inauma zaidi hivyo.

Jumanne, 4 Machi

Fomu nimeitia kwenye droo. Kukarabati nini, na nyumba itabomolewa? Dada atanishukuru akiwa kwenye lifti.

Mtaa nimeupaka. Kahawia safi, bila kuvuka mstari. Dakika kumi hazijapita, Nukta kaja kusimama nyuma yangu. Ni jirani yangu wa meza, tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kuiacha nukta ya desimali ipite bila kuisalimia. Kauliza kahawia imetoka wapi. Nikasema kituo cha basi kiko karibu. Akachukua rula! Kapima. Mita mia tano na kumi na mbili nukta tatu, na mwisho wa kahawia ni mia tano kutoka kituoni. Husuda hiyo, si kingine.

Mkuu wa idara kavua miwani, kasema mita kumi na mbili si hoja, lakini wakazi waulizwe kwanza kwenye mkutano wa hadhara. Tangazo nitaandika mimi. Roho kwatu.

Alhamisi, 6 Machi

Tangazo limebandikwa kwa mujibu wa kanuni, kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Kanuni haisemi lisifunikwe na ratiba ya chanjo.

Jumamosi, 8 Machi

Wamekuja watano. Wawili walidhani ni foleni ya maji. Mmoja alifuata kivuli. Wa nne alikuwa kiziwi na wa tano ni mimi. Nikauliza nani anapinga. Kimya! Nimeandika: wananchi hawakuwa na pingamizi.

Dada alikuwa kwenye cherehani, anamalizia sare za shule. Kauliza kelele za kipaza sauti zilikuwa za nini. Nikamwambia chanjo.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya ushindi. Kamati imekaa na mimi nimeshika ramani mbele ya waheshimiwa.

Mambo yalikuwa yanateleza mpaka Nukta akanyoosha kidole. Kaleta kifungu chake kidogo, mistari miwili: nyumba zilizokwisha kujengwa ziruhusiwe kukarabatiwa, hata kama idadi yake haifikii kiwango cha rangi ya mtaa. Mwenyekiti akaanza kutikisa kichwa kukubali. Damu ikanichemka. Yaani mita kumi na mbili zangu alizianika, halafu yeye apigiwe makofi? Nikasimama. Nikasema sheria yenye msamaha ni ndoo yenye tundu, jiji litabaki na vibanda mpaka kiama. Sijui maneno yalitoka wapi. Wakapiga meza! Kifungu kimefutwa, na mwenyekiti kaagiza jina langu liandikwe kwenye kumbukumbu.

Nukta hakununa. Kaniuliza tu kama nina uhakika. Huyo ndiye Nukta, hata kushindwa hajui.

Ijumaa, 14 Machi

Dada kauliza habari za fomu. Nikamwambia iko kwenye mchakato. Droo nayo ni mchakato. Kaziba ufa kwa vitambaa vilivyobaki kwenye sare, vya bluu na vyeupe. Kwa mbali unaweza kudhani ni pambo.

Jumatatu, 24 Machi

Mpango umeanza kazi leo asubuhi. Saa nne nilishamleta mjenzi, mtu mzito, viatu havina vumbi. Dada kampikia chai akidhani ni mkaguzi wa ukuta wake. Mjenzi hakutazama ukuta. Kafunua mfuniko wa bomba la majitaka, kachungulia, kacheka. Kasema bomba hili likipewa nyumba ishirini litawarudishia kila kitu mezani. Nimtafute baada ya miaka kumi, wakibadilisha bomba. Chai hakuimaliza.

Dada kauliza basi ukuta wake umekubaliwa au la. Mbingu ikanguruma saa hiyohiyo. Nikakimbia ofisini, nikaitoa fomu, nikaipeleka dirishani mwenyewe.

Karani wa dirishani kaangalia ramani, kaangalia fomu, kaniangalia mimi. Kasema kahawia si themanini tu, ni arobaini hadi themanini. Robo hekta maana yake nyumba zisipungue kumi. Dada yangu anayo moja. Basi ajenge kumi au abomoe hiyo moja, kukarabati haruhusiwi.

Namba ya kushoto! Miaka kumi na sita sikuwahi kuisoma. Nani anasoma namba ya kushoto?

Nikauliza mjinga gani kaondoa msamaha. Kanisomea kumbukumbu za kamati, taratibu, pamoja na jina.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakujua kuna siku hata huo ukuta utakatazwa. Fomu nimeirudisha kwenye droo.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Saa tatu jirani wa nyumbani kanipigia simu ofisini, nikakimbia nyumbani.

Ukuta ulianguka ndani. Dada alikuwa amekaa palepale penye mwanga. Nilikuta miguu yake inaonekana, na vitambaa vya bluu na vyeupe kwenye matope. Alikuwa anaita jina langu, hata hakuwa anapiga kelele. Nikavuta tofali moja, likanishinda.

Aliyemtoa ni Nukta. Alinifuata kwa miguu kutoka ofisini, bila koti. Kamtoa dada, kamfunga paja kwa ubao wa kupigia pasi, kampandisha gari. Halafu karudi kufukua cherehani. Imekatika shingo.

Anajipendekeza tu ili nimwonee haya.

Jumamosi, 5 Aprili

Nyonga imevunjika. Daktari kasema atatembea, lakini kukanyaga cherehani asahau. Niliketi kando ya kitanda nikalia kama mtoto. Dada kanifuta uso kwa shuka. Kaniuliza kitu kimoja: ile fomu niliipeleka lini?

Nikamwambia tarehe nne Machi. Kanitazama sana. Kafumba macho.

Jumatatu, 28 Aprili

Dada hakurudi nyumbani. Kahamia kwa mama mdogo, upande wa pili wa jiji. Jana nilikwenda kumsalimu. Mtaa mtulivu, nyumba za chini, kuta nzima, dirisha kubwa la mwanga. Kakaa hapo, mikono mapajani, haina kazi. Sijawahi kuiona mikono ya dada haina kazi.

Hakunigombeza. Kaniomba jambo moja tu: mdogo wangu, mtaa huu uache ulivyo. Nikaapa mbele ya mama mdogo. Nilikuwa namaanisha kabisa.

Leo asubuhi nimeifungua ramani, kuangalia tu. Kiwanja cha mama mdogo ni cha kona. Njia mbili! Bomba la majitaka jipya, nene, nimelipima mara mbili. Njano, jamani, kona kama ile! Dada angepata ya chini, asipande ngazi na nyonga ile. Safari hii namba ya kushoto nitaisoma. Baadaye.

Nukta katoka kwenda kumpelekea dada matunda, kwa hiyo rula yake iko huru. Penseli ya kahawia nimeichonga. Karatasi safi sikuwa nayo. Nimechora nyuma ya ile fomu.