Samaki wa Kumlainisha Onofrio

Jumatatu, 10 Juni

Upepo tangu alfajiri. Agatina amepiga simu kutoka Trapani, ng'ambo ya bahari. Hata afya yangu hakuulizia. Amesema harusi haifungwi tena kisiwani kwetu. Nikauliza kulikoni. Akasema hawezi kuolewa katikati ya wanaume wawili wanaopeana visogo. Ama mimi na baba yake mkubwa, Onofrio, tukae benchi moja kanisani mwezi wa Septemba, ama harusi itakuwa huko huko kwa wakwe, na mimi nipande meli kama mgeni yeyote. Meli! Binti yangu wa pekee, na anajua fika tumbo langu linavyofanya likiona meli.

Nieleze kwa haki. Marehemu baba alituachia shamba la matuta mawili, na katikati ukuta wa mawe meusi ulioota mikapari kumi na minne, vichaka ambavyo vitumba vyake hutiwa chumvi na kuliwa. Mizizi iko upande wa Onofrio. Matawi yananing'inia upande wangu. Sasa, vitumba vya kapari vinachumwa kwenye matawi au kwenye mizizi? Mtoto mchanga anajua. Onofrio hajui, na ndiyo maana hatujasemezana miaka mitatu. Tukikutana dukani anamgeukia mwenye duka: mwambie huyo bwana asogee.

Nimepata mpango! Jumapili namwalika chakula cha mchana. Chewa kwa kapari. Mtu aliyeshiba ni mtu laini. Kabla ya matunda natoa karatasi: ukuta ni wa Gaspare. Anatia sahihi. Binti anapata benchi, mimi napata ukuta. Akili kama hizi ziliozea bure miaka thelathini kwenye dirisha la kukatia tiketi za meli.

Kikwazo kidogo: sijawahi kupika samaki.

Jumanne, 11 Juni

Ugumu ni kumwalika mtu ambaye humsemeshi. Atakayefungua kinywa kwanza ameshindwa. Nikamsubiri Vito, muuza samaki, apite na kigari chake cha magurudumu matatu. Nikamwomba anipelekee ujumbe. Vito akacheka. Akasema Onofrio ameshatangaza mbele ya watu: nyumbani kwa Gaspare ataingia siku ya kumzika tu.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Nikashusha sauti. Nikasema sijisikii vizuri. Nikasema daktari ametikisa kichwa. (Si uongo. Juzi nilimwona daktari wa mifugo akimtikisia kichwa mbuzi wa jirani.) Nikamsihi Vito iwe siri yetu wawili. Ameapa kwa mama yake mzazi.

Jumatano, 12 Juni

Saa tatu asubuhi jirani yangu, Bi Ersilia, mwenye yule mbuzi, yuko mlangoni na bakuli la mchuzi, analia. Ameniuliza panauma wapi. Sikuwa nimejiandaa. Nikashika upande wa kushoto. Jioni alipokuja kuchukua bakuli nikashika wa kulia. Akasema basi ugonjwa umeshasambaa, akalia upya.

Jibu la Onofrio limeletwa na Vito: atakuja. Neno moja tu! Nikacheza jikoni mpaka nikakumbuka dirisha liko wazi. Nikakohoa.

Lakini Vito amegoma kuniuzia chewa. Ati mgonjwa hali samaki mzito vile. Amenipa visamaki viwili vya kuchemsha, vyembamba kama vidole vya mtawa. Ikanibidi niseme chewa ndiyo haja yangu ya mwisho duniani. Akavua kofia. Ameahidi kunitafutia wa kilo mbili.

Jumanne walikuwa wanajua watu wawili. Leo hata mwenye duka amenifungia jibini bila kunitania.

Alhamisi, 13 Juni

Amekuja Padri Liborio na mafuta matakatifu. Nikamwambia sijafika huko, Baba Padri. Akasema wote husema hivyo. Kumfukuza padri sikuweza, basi nikalala kitandani na viatu vyangu, nikapakwa. Niliungama dhambi kadhaa. Hii ya sasa sikuitaja. Bado haijakamilika.

Ijumaa, 14 Juni

Leo mapishi. Nimemwendea Bi Ersilia kwa ujanja. Nimemwambia nataka tu kukumbuka jinsi marehemu mke wangu Nunzia alivyokuwa akimpika chewa. Maskini, hakushuku. Akataja: vitunguu, nyanya, zeituni, viazi vilivyokatwa vyembamba, mvinyo mweupe kidogo, na kapari za kutosha. Kisha akanishika mkono na kusisitiza kwamba kapari za chumvi sharti zilowekwe usiku kucha na maji yabadilishwe mara tatu.

Nikamshukuru. Upuuzi mtupu! Kapari ni chumvi. Ukiiosha chumvi unabaki na nini? Majani. Ni wazi mwanamke huyu hataki mwanaume ampite.

Nikafungua kabati la jikoni. Nyuma kabisa ipo chupa ya mwisho ya kapari alizozitia chumvi Nunzia mwenyewe, kiangazi kile cha mwisho. Miaka sita sijaigusa. Ina karatasi yenye mwandiko wake uliolala upande, kama unapigwa na upepo. Nilikaa nayo mkononi muda kidogo. Kisha nikaipangusa vumbi na kuiweka mezani. Kwa ajili ya ukuta, mtu hutoa alicho nacho.

Nimeandika pia mkataba. Umependeza. Una neno "milele" mara mbili.

Jumamosi, 15 Juni

Siku mbaya.

Agatina alikuwa afike na meli ya saa nne kwa ajili ya chakula cha kesho. Mimi nilikuwa juu ya paa, napaka chokaa kuba la nyumba, hali ya hewa nzuri, naimba. Sikukumbuka kwamba Vito hushinda bandarini siku za Jumamosi. Alimpokea binti yangu kwa kumpa pole.

Nikamwona anakuja mbio njiani, hana begi, ameliacha gatini. Akafika chini ya nyumba, akainua macho, akaniona na brashi yangu. Hakunipigia kelele. Heri angenipigia kelele. Aliketi juu ya jiwe, akalia kama alivyomlilia mama yake.

Nikashuka. Nikaeleza kwamba ni siasa tu, na kwamba nafanya haya yote kwa ajili yake. Akasema tangu bandarini mpaka hapa amekwisha kunizika. Ameshachagua nguo. Ameshajiuliza nani atamshika mkono kanisani. Nikamwambia mimi, mwanangu, nani mwingine? Akasema kesho, kabla samaki hajafika mezani, nimwambie baba yake mkubwa ukweli wote.

Nimeahidi. Mkataba sikuutaja.

Jumapili, 16 Juni

Nimeamka mapema kuliko kuku. Chewa kilo mbili na robo, jicho linang'aa. Nikapanga viazi kwenye sinia, vitunguu, nyanya, zeituni, chewa juu, na chupa nzima ya Nunzia, kapari na chumvi yake yote iliyoganda. Nikaongeza chumvi kidogo kwenye viazi, maana viazi hupooza. Nikaingiza sinia kwenye tanuri. Harufu! Agatina alipotaka kuonja nikamfukuza na mwiko.

Saa saba kamili mlango ukagongwa. Onofrio. Amevaa koti lake jeusi, lile la mazishi, katika joto hili. Mkononi ana kikapu cha zabibu kavu. Miaka mitatu sijamtazama kwa karibu. Amezeeka. Nywele zote zimeisha, na ameanza kusimama kama baba, bega moja chini.

Alinitazama muda mrefu. Kisha yeye ndiye aliyeanza.

"Gaspare, mdogo wangu. Umekonda."

Sijakonda. Mkanda wangu uko tundu la mwisho. Lakini nilishinda, kaanza yeye! Na ajabu, sikuona utamu wowote. Agatina akanikodolea macho. Nikafungua kinywa niseme ukweli, naye samaki akaanza kuungua, nikakimbilia jikoni. Si kosa langu.

Nikapakua. Onofrio akapiga ishara ya msalaba, akatia tonge la kwanza kinywani. Akaacha kutafuna. Macho yakamjaa maji. Nikajisemea, hayo, ndiyo mapishi! Akameza. Akachukua la pili.

"Vipi, kaka?" nikamuuliza.

"Tamu," akasema, sauti imekauka. "Tamu sana, ndugu yangu."

Ndipo nikaonja mimi. Mama yangu wee! Bahari yote ya hapa mpaka Afrika ilikuwa ndani ya tonge lile. Ulimi ulijikunja. Agatina alikuwa ameshatema chake kwenye leso na kuvuta jagi la maji. Nikamtazama Onofrio. Mtu huyu alimwambia askofu, uso kwa uso, kwamba mahubiri yake yalikuwa marefu. Siku ya ubatizo wa Agatina alisema mtoto anafanana na boga. Maishani hajawahi kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Na sasa anakula, tonge baada ya tonge, jasho linamtoka ndani ya lile koti, kwa kuwa anamwonea huruma mtu anayekufa.

Nikatoa mkataba. Mkono ulikuwa umeshazoea wazo, ukautoa wenyewe. Nikausogeza mbele yake na kalamu.

"Ni nini?"

"Habari ya ukuta."

Hakusoma. Hata miwani hakuvaa. Alitia sahihi, akanirudishia, akasema, "Chukua, Gaspare. Ukuta ni kitu gani? Ningejua, ningekupa siku ile ile. Wewe kula tu, upate nguvu." Akachukua uma, akarudi kwenye samaki.

Nikasukuma sahani yangu kando. Si kwa chumvi.

"Kaka, wacha kula."

"Nimalizie. Umejitaabisha."

"Wacha, nakwambia! Siumwi."

Uma ukasimama hewani.

"Huumwi?"

"Hata mafua sina."

Nilimsikia mbuzi wa Bi Ersilia kule nje. Onofrio akaweka uma chini taratibu, akapangusa mdomo, akasimama, akavua koti jeusi na kulitundika kitini. Kisha akaanza.

"Basi huyu samaki ni sumu! Sumu! Mimi nimekula chumvi nyingi, miaka sabini na moja, lakini yote nikiijumlisha haifikii hii ya leo! Wewe ni mpishi au mzika maiti? Hata baba, aliyewahi kuunguza maji, asingempa mbwa kitu hiki! Na wewe Padri akakupaka mafuta! Angekupaka na vitunguu!"

Aliendelea hivyo robo saa. Alinitukana mimi, ukuta, mikapari, daktari aliyetikisa kichwa. Alipofika kwa yule mbuzi anayelia nje, Agatina akaangua kicheko, amelalia meza, hawezi kuinuka.

"Baba," akasema alipopata pumzi, "umetia chumvi kwenye maneno wiki nzima, kumbe haikukutosha, ukaimalizia kwenye samaki!"

Onofrio akajaribu kukasirika zaidi, ikamshinda. Akacheka huku anakohoa. Akanywa jagi la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akauchana mkataba vipande vinne na kupangusia mdomo kimojawapo. Nikamwacha. Ulikuwa mwandiko mzuri lakini.

Akaiona chupa tupu dirishani. Akasoma karatasi yake.

"Hizi zilikuwa za Nunzia?"

Nikasema ndiyo, za mwisho.

"Na ukanifungulia mimi?"

Hakungoja jibu. Alikunja mikono ya shati, akaingia jikoni, akaokota kapari zote kutoka kwenye sinia, moja moja, akaziweka kwenye bakuli la maji. Akamwaga maji, akatia mengine, huku akinieleza kwa hasira kama mtu anayemfundisha punda hesabu. Saa kumi tulizila na mkate, nyanya na mafuta ya zeituni, nje kivulini, sote watatu. Zilikuwa na ladha ya jikoni kwetu zamani.

Ukuta haukutajwa tena. Kapari za mwaka huu tutachuma kwa zamu, yeye asubuhi ya Jumanne, mimi ya Ijumaa. Harusi ni hapa hapa kisiwani. Benchi moja. Leo nitalala bila kukohoa ili watu wanisikie.

Jumatatu, 17 Juni

Asubuhi shwari. Bi Ersilia ameingia bila kunisalimu, amechukua mabakuli yote aliyoniletea mchuzi tangu Jumatano. Padri amenikuta njiani, akasema tutaonana kwenye kitubio. Nimekubali yote kwa unyenyekevu. Mpango wangu umefaulu, na aliyefaulu huonewa wivu.

Agatina amerudi Trapani na meli ya saa tano. Kabla ya kupanda akasema amefikiria sana, na angependa hotuba ya harusini itolewe na baba yake mkubwa. Ati Onofrio ana sauti inayofika mpaka kiti cha nyuma, na mimi huwa natafuna maneno. Mimi! Baba mzazi! Nimetangaza safari za meli kwa kipaza sauti miaka thelathini!

Nikambusu, nikapunga mkono mpaka meli ikawa ndogo. Sikubishana. Sasa mimi ni mtu wa amani.

Vito alikuwa pale pale gatini, anapanga dagaa. Nikasogea kumsalimu. Katika mazungumzo, nikashusha sauti, nikamwambia nina wasiwasi kidogo na koo la kaka yangu. Jana nilimwona kwa macho yangu akinywa majagi matatu ya maji na sauti imemkauka kabisa. Yote hayo ni kweli tupu. Nikasema kwa mtu wa umri wake, kuhutubia watu mia itakuwa hatari.

Nimemwomba Vito iwe siri yetu wawili. Ameapa kwa mama yake mzazi.