Kifurushi Toleo la Mia

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ametangaza! Ijumaa atamkabidhi mtu mmoja chumba cha kompyuta cha hapa kwenye kiwanda cha uchapaji: ufunguo, meza, na lile dirisha lenye upepo. Tunaofaa ni wawili. Mimi, na Msahihishaji, mama mwenye miwani anayesoma kila kitu, hata maandishi ya pakiti ya chumvi. Mpango ninao. Kompyuta zetu sita zinatumia mfumo wa Linux. Programu ya kupanga kurasa imezeeka, na mpya haiji ikiwa tayari kusakinishwa. Unapakua msimbo wake, yale maandishi ya waliotunga, unaijenga mwenyewe. Nitaijenga, niimwage moja kwa moja kwenye mfumo. Faili zitatawanyika kila pembe na hakuna atakayejua zilipo ila mimi. Watanihitaji mpaka nistaafu.

Jumanne, 4 Machi

Imewaka! Bosi kanipigapiga begani. Msahihishaji akauliza, kwa upole unaoudhi, siku ya kuiondoa nitazipataje hizo faili. Eti amesoma kuna zana ndogo: unaiachia isimamie usakinishaji, inaandika kila faili inakokwenda, kisha inafunga yote kuwa kifurushi kimoja. Kuweka, amri moja. Kuondoa, amri moja. Nikamjibu vifurushi ni mambo ya posta. Nilicheka peke yangu.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Programu inaruka ukurasa wa kumi na tatu wa kila kitabu. Bosi kaagiza niiondoe. Nimefuta faili kwa mkono, moja moja, kwa kukisia. Printa ikagoma. Kompyuta ya dirishani ikaikana kibodi yake yenyewe. Msahihishaji ndiye aliyezirudisha zote katika hali yake, bila kunung'unika, jambo lililoniuma zaidi. Nyumbani nikamwambia mke wangu nina adui kazini. Akasema nikamshukuru huyo adui. Nikajifanya nasinzia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeijaribu ile zana. Kisiri. Ni rahisi mpaka aibu! Unajenga programu kama kawaida, hatua ya mwisho unaikabidhi zana, inakuuliza jina, toleo na maelezo, basi. Kifurushi hiki hapa! Toleo lenyewe ni la pili. La pili? Nani atamheshimu mtu wa toleo la pili? Nikaandika 100. Kwenye maelezo: "Kazi ya Mkuu wa Chumba cha Kompyuta", na jina langu kamili. Kikaingia kwenye mashine zote sita kabla chai haijapoa. Ukurasa wa kumi na tatu sikuuangalia. Kifurushi kizuri namna ile kiruke ukurasa?

Ijumaa, 7 Machi

Kiliruka. Kumbe jana jioni waliotunga programu walitoa marekebisho, toleo la 2.1. Msahihishaji akayafunga kuwa kifurushi, akayaweka kwenye folda ya pamoja ambamo kompyuta hujisasisha zenyewe kila asubuhi. Kompyuta zikaangalia: huku mbili nukta moja, kule mia. Kwao namba kubwa ndiyo mpya, zikabaki na mia. Asubuhi nzima tukachapa vitabu vya hesabu vya shule ya msingi bila ukurasa wa kumi na tatu. Bosi akauliza ni kazi ya nani. Kisha mwenyewe akafungua maelezo ya kifurushi, akasoma jina langu lote, na la babu. Msahihishaji akakiondoa kwa amri moja kila mashine. Akapewa ufunguo. Nimeumia, sifichi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshinda nikibandika ukurasa wa kumi na tatu kwa gundi, kitabu baada ya kitabu. Msahihishaji kaniletea kiti, akaniambia niketi karibu na dirisha lake. Upepo mzuri kweli. Akasema mapokezi wanahitaji programu ya kalenda, na angependa niijenge mimi, kwa kuwa kufunga vifurushi sasa nakujua. Nimeguswa. Nimetafakari kwa kina, vidole vikiwa vimegandana. Kosa langu nimeliona wazi: mia ilikuwa namba ndogo mno. Jumatatu naandika elfu.