Ukuta wa Mchungaji ni Mtupu

Jumatatu, 8 Desemba 2025
Hili sijamwambia mtu: naweza kusogeza vitu kwa kuwaza. Bado havijasogea. Lakini mwalimu Eliud wa fizikia alituambia, kabla hatujamaliza kidato cha nne, kwamba kila kitu karibu chote ni utupu. Jiwe, jembe, hata yeye mwenyewe. Sasa utupu utalizuiaje wazo?

Kanisa litamlipia msichana mmoja wa hapa Chonyonyo akasomee ufundi umeme. Mchungaji ametangaza: anayetaka aende aseme kwa mdomo wake kabla ya Jumapili. Kwa mdomo! Mimi nikiitwa jina tu nasahau kumeza mate. Naitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Nitaiomba kwa mawazo.

Nimefanya mazoezi kwa sufuria ya maharage. Haikusogea. Maharage yameungua. Mama ameuliza kama nilikuwa nayalinda yasitoroke.

Jumanne, 9 Desemba
Nimesimama nyuma ya nyumba ya mchungaji, paji la uso ukutani. Ndani anakohoa. Nikawaza jina langu na haja yangu: Kemilembe, umeme. Kemilembe, umeme. Akazidi kukohoa. Dalili njema!

Ghafla mkewe, mama Restuta, yuko nyuma yangu. Shikamoo ikanitoka mara mbili. Akauliza nina shida gani na ukuta wao. Nikasema nimekuja kuomba miche ya migomba. Kwa nini migomba? Sijui. Ndiyo iliyokuwa karibu. Nimerudi na mitatu kichwani.

Baba amefurahi mno. Amenipa jembe.

Alhamisi, 11 Desemba
Nimekwenda tena ukutani. Mama Restuta alikuwa ananisubiri na miche mingine.

Baba anawaambia majirani kwamba mabinti wengine wakimaliza shule hukimbilia mjini Kayanga, wake amerudi shambani. Nimechimba mashimo hadi viganja vimetoka malengelenge. Mashimo nayo ni utupu, lakini utupu huu unachosha.

Binamu yangu Adventina amepita, akaniita bubu wa migomba. Anasema alikwenda kwa mchungaji asubuhi, akasema anataka umeme, akapewa chai. Chai! Nikawaza ulimi wake ukwame. Ameongea mpaka jua limezama.

Jumapili, 14 Desemba
Imekwisha. Ametangazwa Adventina. Nimepiga makofi, viganja vikauma.

Nje mchungaji akanishika mkono, akaniuliza taratibu kama kweli sikuitaka nafasi ile, maana alikuwa ananitegemea mimi. Mimi! Yuko mbele yangu, hakuna hata ukuta. Nikamkazia macho, nikawaza kwa nguvu zote mpaka masikio yakavuma. Akangoja. Akangoja tena. Baba akadakia: huyu moyo wake uko kwenye migomba, mchungaji. Mchungaji akasema basi, Mungu aibariki.

Nimelia jikoni. Mama nimemwambia ni moshi.

Jumatatu, 15 Desemba
Nimegundua kosa langu! Nilikuwa nawaza kwa Kiswahili. Mchungaji kwao ni Igurwa. Akiwa peke yake lazima anawaza kwa Kinyambo, kama wazee wa huku kwetu. Ndiyo maana hakusikia kitu.

Adventina anaondoka Januari. Mchungaji atakuja Jumatano kuiona migomba yetu. Nitasimama karibu naye, kimya, na safari hii nitawaza kama bibi anavyoongea.

Wewe uliyesoma hapa, chonde, lisikutoke mdomoni. Na ukiliwaza, liwaze polepole. Adventina anakaa nyumba ya pili tu, na kuta zake nazo ni utupu.