Boila Iliyokataa Kuzimika

Jumatatu, 16 Oktoba

Siku kubwa. Nimemshinda mama mkwe!

Mama mkwe huyo, Bibi Desanka, amekuja kukaa nasi mpaka baridi iishe, yeye na sweta zake tatu. Mlango ukifunguliwa na dirisha liko wazi, huyo mbio kwenye kidude cha ukutani kuongeza joto. Anasema upepo wa kupita ndani ya nyumba ndio uliomuua mumewe. Mumewe aligongwa na trekta. Kila bomba la nyumba hii nimelilaza kwa mikono yangu, mimi Milisav, na ufunguo wa chumba cha boila, mtambo unaochemsha maji ya kupasha nyumba joto, uko mfukoni mwangu. Sitawaliwi na sweta.

Basi kile kidude kisicho na waya, kinachopima joto na kuiamuru boila iwake au ipumzike, nimekibandua. Nimekificha stoo ya chini ya ardhi, nyuma ya mitungi ya ajvar, rojo letu la pilipili hoho. Nimekitegesha nyuzi ishirini, kikihisi joto hilo boila ipumzike. Ukutani nimetundika kidude cha zamani kilichokufa miaka sita iliyopita. Anakizungusha, anatabasamu. Akili ni mali!

Jumanne, 17 Oktoba

Boila inawaka tangu asubuhi. Ajabu! Nje ni kiangazi cha Mtakatifu Mihailo, zile siku za joto la mwisho kabla ya baridi, nyuzi ishirini na tano, majirani wako vifua wazi uani wakichoma pilipili hoho za mwisho. Ndani rejeta, vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto, hazishikiki. Paka amehama. Madirisha hayafunguliwi, kwa sababu ya ule upepo unaoua. Mama mkwe amenisifu kwa mara ya kwanza tangu harusi.

Nikaizima. Mke wangu Ljubinka akatoka bafuni na povu kichwani, akauliza nimerogwa au nilizaliwa hivi. Maji ya kuoga nayo yanatoka kwenye boila hiyohiyo. Nikaiwasha.

Amesema isipotulia kufikia Jumamosi anamwita kaka yake Radojko, fundi wa boila, na ufunguo atamkabidhi yeye moja kwa moja. Radojko! Aliyesema kwenye slava, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yangu, mbele ya wageni wote, mdomo umejaa nguruwe wangu, kwamba mabomba yangu yanatembea kama mlevi anayetafuta kwao. Ufunguo huo nitazikwa nao.

Jumatano, 18 Oktoba

Tatizo ni hewa ndani ya mabomba. Nimelegeza rejeta zote ili itoke. Hewa haikutoka. Yametoka maji meusi, yakajaa kwenye ndara za mama mkwe, naye akiwa amezivaa.

Sifa za jana zimefutwa.

Alhamisi, 19 Oktoba

Leo nimekwenda kwa utaratibu, kifundi kabisa. Kwanza nikateremka stoo kukikagua kidude. Kinaonyesha nyuzi kumi na mbili. Nikashusha na kipimajoto cha dirishani, kikae pembeni yake. Kumi na mbili! Kinapima sawasawa, hakina kosa. Nimekiondoa kwenye orodha ya washukiwa.

Imebaki pampu, ile inayosukuma maji ya boila kwenye mabomba. Nimeigonga kwa spana mara tatu, kwa upole. Bado boila inanguruma. Sebuleni nyuzi thelathini na moja. Ljubinka anakunja nguo, hasemi neno. Akipiga kelele simwogopi. Akinyamaza namwogopa sana.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimeigonga tena. Si kwa upole.

Jumamosi, 21 Oktoba

Radojko kafika. Glasi ya rakija, pombe yetu kali ya matunda, kwanza, kisha akafungua kile kidude cha ukutani.

“Shemeji, hiki hakijaunganishwa na kitu. Cha kweli kiko wapi?”

Mama mkwe akageuza shingo. Ningesema nini? Nikajibu kila fundi ana siri yake. Radojko akasema mficha uchi hazai. Nikamwambia nina watoto wawili.

Ljubinka akanyoosha mkono, nitoe ufunguo. Mama mkwe akateremka stoo kumletea mwanawe ajvar. Nikaomba dakika tano za mwisho, nikajifungia na pampu. Nikagonga. Kimya? Wapi! Nikagonga mpaka mkono ukafa ganzi. Pigo la thelathini hivi, boila ikakohoa, ikanyamaza. Machozi yalinitoka, sioni haya kuandika.

Nikarudi sebuleni kifua mbele. Mama mkwe alikuwa anamsimulia Radojko kwamba ameokota kisaa kule chini katikati ya pilipili, maskini kinatetemeka, nyuzi kumi na mbili tu, basi amekitia kifuani chini ya sweta zake kipate joto. Kwa hiyo maficho yangu yamegunduliwa. Hasara ndogo, pampu imepona. Radojko alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Wivu. Akasema nibaki na ufunguo wangu, nyumba hii imeshapata fundi.

Hatimaye amekiri!

Jumapili, 22 Oktoba

Nyumba imepoa, paka karudi. Ljubinka amenikaangia mayai bila kuombwa.

Mama mkwe alipokwenda kanisani, nikakikuta kidude kwenye mfuko wa aproni yake. Safari hii nimekificha kwa akili zaidi: kule uani, kwenye kibanda cha kukaushia nyama. Haingii mtu humo mpaka nguruwe achinjwe Desemba. Redio imesema kiangazi cha Mihailo kimekwisha, usiku barafu.

Sijamaliza hata kuvua viatu, nasikia boila inanguruma.

Pampu tena! Hakuna shida. Ufunguo ninao, spana ninayo, na ugonjwa wake sasa naujua.