Sura Yangu Kati ya Waliopotea

Jumatatu, 5 Juni 2023. Bweremana.
Wiki ya sita sasa mke wangu Godelieve analala kwa dada yake. Hapa kambini vibanda vyetu vya bashe, yaani turubai, vinatazamana, lakini akipita haniangalii. Anasema tulipokimbia Masisi nilitangulia, nikamwacha na mama yake mgongoni. Nimemweleza mara nyingi kwamba nilitangulia kuangalia njia. Hataki kusikia.

Jumanne, 6 Juni.
Dada Constance, msanii kutoka Goma, amefunga ekrani kubwa, kama ya televisheni, katika ukumbi wa kanisa. Ina nafasi arobaini za sura za watu waliopotea njiani wakati wa vita. Picha zimetolewa na familia zao. Sura zote ziko kama ndani ya ukungu. Juu kuna kamera ndogo inayofuata macho yako. Ukimkazia mtu macho, ukungu unaondoka naye anakugeukia. Ukiangalia pembeni, anafifia. Jirani yetu Papa Ndayambaje alikuwa anamtazama binti yake, machozi yanashuka mpaka kwenye kola. Hakuyapangusa. Aliogopa binti ataondoka.
Nilihuzunika sana. Kisha nikapata wazo.

Alhamisi, 8 Juni.
Nimemwambia Constance kwamba pacha wangu alipotea Masisi. Nikampa picha yangu mwenyewe. Akauliza jina la pacha. Sikuwa nimejiandaa, nikasema Hubert. Akauliza na mimi naitwa nani. Nikasema Hubert pia. Aliilinganisha picha na uso wangu, lakini nafasi moja ilikuwa imebaki, akapokea. Godelieve akiniona kati ya waliopotea, moyo wake utanirudia.

Ijumaa, 9 Juni.
Niko kwenye ekrani. Mwanamke nisiyemjua aliniombea, vizuri kabisa.
Mchana Mama Byukusenge alileta picha ya mwanawe Trésor. Akaambiwa nafasi zimejaa, angojee. Aliifunga picha ndani ya kitenge, akakaa mlangoni. Nilitokea mlango wa nyuma.

Jumamosi, 10 Juni.
Godelieve alikuja. Nilijificha nyuma ya pazia. Alisimama mbele ya sura yangu, akaikazia macho. Ukungu ukaondoka. Nikamgeukia.
Akamwambia Constance, "Huyu hana pacha. Iko bwana yangu. Ni ule iko nyuma ya pazia, viatu vyake vinaonekana."
Constance akaomba msamaha, akasema ataifuta mara moja.
"Ngoja kwanza, dada," Godelieve akasema. "Huyu nilimupoteza kweli, kule mu njia. Acha nimuangalie kidogo."
Akaitazama ile sura. Mimi nilimwona yeye kupitia tundu la pazia. Uso wake sikuwa nimeuona hivyo tangu tulipooana. Hatimaye akageuka, na ile sura ikarudi kwenye ukungu.
"Sasa mutoe. Mama Byukusenge iko anangojea na mutoto wake."
Akapita kando ya pazia. Hakusimama.

Jumapili, 11 Juni.
Trésor yuko pale nilipokuwa. Mama yake amekaa mbele yake tangu misa ya kwanza. Watu wanamletea chakula, anakula bila kuinamisha macho. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini ningemkatiza.
Nimefikiri sana. Godelieve aliniangalia zaidi ya dakika mbili. Mke asiyempenda mumewe haangalii hivyo. Basi mpango ulikuwa mzuri. Viatu tu ndivyo vilivyouharibu. Mwisho wa mwezi Constance anahamishia ekrani Hombo, na Godelieve ana shangazi kule, hatakosa kwenda kumtembelea. Nimeacha kunyoa. Kwa wiki mbili ndevu zitatosha kwa picha mpya.