Mtakatifu Antoni Kichwa Chini

Jumatatu, 9 Juni
Nimewaandikia wanawake arobaini kwenye programu ya wachumba. Kimya! Nikaipausha picha yangu, kidogo tu. Saa haijaisha, Karin wa Kusini, mweupe, nywele za dhahabu, kajibu. Kama huu si ubaguzi, ni nini? Lakini atanifaa. Ijumaa kwa Mama kuna sala ya Mtakatifu Antoni, ukoo mzima utakuwepo, na binamu Gilvan haji bila mchumba. Mwaka huu siketi tena na watoto.

Jumanne, 10 Juni
Nimemtumbukiza Mtakatifu Antoni wa Mama, sanamu ya mleta wachumba, kichwa chini kwenye glasi ya maji. Hatoki humo hadi anipe Karin. Dada yangu Rosenilda kanifuma, kacheka hadi machozi. Eti hayo ni mambo ya wasichana. Kijicho tu! Jioni Jucineide, nesi wa ghorofa ya chini, kaniletea keki ya mihogo, kauliza kama Ijumaa nina mwenzi. Nikasema natafuta. Mtu mwema sana yule. Mweusi kama mimi, lakini mwema.

Alhamisi, 12 Juni, sikukuu ya wapenzi hapa kwetu
Mkahawani Karin katazama simu, kanitazama mimi, katazama simu tena. Kauliza Valdeir yuko wapi. Nikasema ndiye mimi, siku ya picha jua lilikuwa kali. Akasema yeye si mbaguzi, hata yaya aliyemlea alikuwa mweusi. Akaondoka, kahawa haijapoa! Nimelia. Nimeandika mtandaoni waraka mrefu kuhusu wale arobaini walioninyima jibu kwa rangi yangu. Watu mia tatu wamenipongeza. Jucineide peke yake kauliza: "Kaka Valdeir, kati ya hao arobaini, weusi walikuwa wangapi?" Nimelifuta swali lake. Uchochezi!

Ijumaa, 13 Juni
Gilvan kaja na Jucineide! Kamshika mkono mbele ya ukoo wote, na Mama anachekelea. Nikamfuata Jucineide jikoni, nikamwambia hakunitendea haki, mimi nilikuwa nimemweka akiba.
"Akiba? Mimi gunia la mchele? Unalia umefungiwa mlango, kaka, na wako nimeupigia hodi miaka mitatu. Tena na keki mkononi!"
Rosenilda kapiga vigelegele. Sijawahi kudhalilishwa hivi.

Jumamosi, 14 Juni
Nimetafakari. Kosa ni la programu ile. Nimepakua nyingine, ya haki kabisa: inakuuliza unataka mwenzi wa rangi gani. Nimechagua nyeupe. Ikauliza na rangi yangu. Hapo nimeandika: wabaguzi wasinisumbue.